Siku Michikichi ya Mawese Ilipokatwa

Nilikuwepo. Atakayewasimulia habari hii bila kunitaja mimi, ameiokota njiani. Nilikaa palepale kwenye benchi la ubao nje ya kibanda cha Kinyozi, pembeni ya Bi Birika muuza kahawa, mahali ambapo mtu akipiga chafya bondeni wa kwanza kumsikia ni mimi. Shule niliiacha darasa la nne kwa hiari yangu, mwalimu alikuwa amebakiwa na machache ya kunifundisha. Asubuhi hiyo, ukimtoa Bi Birika, tulikuwa wanne: mimi, Kinyozi, Kamusi ambaye hakuna neno asilolijua, na Mawese. Huyu tulimbandika jina la mafuta ya mchikichi kabla shamba lake halijatoa hata tone, na mpaka siku hiyo lilikuwa halijatoa. Kutoka bondeni ulisikika msumeno wa mashine. Kaka yake Mawese, mwenzake katika urithi wa lile shamba, alikuwa amechoka kungoja. Anaikata michikichi yote apande mihogo. Mawese hakutaka kuona, ndiyo maana akaja kwetu kusikia.

— Umeanguka mwingine, alisema Mawese.

— Kunywa kahawa, baba, alisema Bi Birika. Inapoa.

— Mti wenyewe ndio wenye makosa, alisema Kamusi. Mchikichi una ua dume na ua jike kwenye shina moja. Sasa hao si ndugu? Wanaoneana haya! Wataoanaje?

— Basi tungeitisha kikao cha ukoo, nilisema mimi.

Kinyozi alikuwa ananoa wembe wake.

— Acheni utani. Huu ni mti wa msitu mnene. Umezoea unyevu, giza na kelele za nyani. Umeletwa hapa kwa watu, hausikii nyani hata mmoja. Mti una upweke! Nilisema zamani, tumrekodi nyani kwenye simu, tuupigie mpaka kuche.

— Nyani haoni kundule! alidakia Kamusi.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia yenyewe.

— Ngojeni niwaambie mimi niliyelima michikichi mpaka ndege wakapotea njia, nilisema. Miti hii inasikiliza. Mawese alitangaza mafuta kabla ya ua la kwanza. Miti ikajua inasubiriwa, ikaingiwa na woga. Hata kuku ukimkodolea macho hatagi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Kamusi.

— Chikichi liko juu ya mti, wewe! Ainame atafute nini?

Mawese hakucheka.

— Mikungu inatoka, alisema. Inatoka mikubwa, natiwa moyo. Halafu inaoza yenyewe, haina hata chikichi la kumpa mtoto. Marehemu mke wangu alizifunga zile mbegu kwenye gunia, akaziweka nyuma ya jiko miezi na miezi zipate joto. Anaamka anazigeuza, kama kuku aliyeatamia. Mche wa kwanza ulipochomoza alipiga kelele nikadhani nyumba inaungua. Amekufa hajaonja mafuta yake.

Hapo hata Kamusi alikosa methali.

Ndipo akatokea mke mpya wa mwoka mikate, mgeni kabisa mtaani, ameshika chupa ya kutilia kahawa ya mumewe.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba! Mgeni njoo, mwenyeji apone! Methali zilikuwa zimemrudia Kamusi.

— Nimepita bondeni. Michikichi mizuri vile, kosa lake nini?

— Haizai, mwanangu, alisema Mawese.

— Kwetu ua dume likifunguka linajaa vijidudu vidogo mpaka linavuma. Hapa nimeona maua kimya. Vimekwenda wapi?

Mawese akakaa wima, kama mwanafunzi aliyepata swali analolijua.

— Hivyo nilivimaliza! Tangu ua la kwanza. Kamusi alinisomea maandishi ya dawa, Kinyozi akaniazima bomba, na huyu hapa, alisema akininyooshea mimi kidole, akanionyesha namna ya kupuliza. Kila wiki, mwanangu. Iwe mvua, iwe jua. Hata wiki niliyomzika mke wangu sikuacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule mwanamke alikuwa anafunga kizibo cha chupa. Akaacha.

— Sasa, baba, aliuliza taratibu, ule unga wa ua dume, nani alikuwa anaupeleka kwa ua jike?

Kinyozi aliutazama wembe. Kamusi alichungulia ndani ya kikombe chake. Mimi, niliyewahi kumjibu hakimu kabla hajamaliza kuuliza, nikajikuta nasoma kibao cha bei ya kunyoa ndevu.

Na kule bondeni msumeno ukanyamaza.

Mawese aliinuka na kikombe mkononi, akatimua mbio, kahawa inammwagikia kifuani.

— Kaka! Kaka, ngoja!

Tulisimama wote, shingo tumezinyoosha kuelekea bondeni. Bi Birika, mikono ikitaka kazi, akaniinamishia birika. Yakatoka matone na machicha.

— Imekwisha, alisema.

Haya yote niliyaona mwenyewe. Ila lile la msumeno kunyamaza nimelitia mimi, maana nikisimulia bila hilo sauti yangu haifiki mwisho. Haukunyamaza hata kidogo. Mawese aliita njia nzima, na mwenye msumeno alikuwa ameziba masikio kwa pamba.