Jua la Elius, Waya za Kijiwe

Kijiwe cha nyuma ya stendi ya Makambako kina benchi moja, birika la kahawa na maneno mengi kupita abiria. Mchana huo Elius, anayeongoza wageni wanaotembea kwa miguu na mabegi mgongoni kule Kitulo, alikuwa ametandaza paneli yake ya kukunja juu ya begi, inyonye jua na kulipeleka kwenye pawabenki ya kuchajia taa za kichwani. Safari iliyopita taa zilizima katikati ya ukungu, mgeni akateguka mguu, na bosi akasema waziwazi: zikizima tena, Elius akalime viazi. Kesho alfajiri wanaondoka, na tangu asubuhi pawabenki imegoma kujaa. Elius alikuwa amechoka, amechoka kweli.

— Kamwene, Elius. Bado tu? — aliuliza Mzee Gideoni, fundi redio mstaafu waliyembatiza Volti, huku akiukandamiza waya wa simu yake uingie vizuri kwenye pawabenki.

— Kamwene, mzee. Bado.

— Ni upepo huu wa Makambako. Unapeperusha jua kabla halijatua.

— Upepo wapi! — alidakia Remmy, tandiboi wa zamani wa mabasi aitwaye Breki. Simu yake nayo ilikuwa imechomekwa palepale, inapiga muziki. — Ni baridi. Hiyo paneli imetoka nchi za joto. Ivalishe sweta.

— Sweta? — Elius alishangaa.

— Kwani wewe mbona umevaa?

— Acheni mzaha, — Volti alisema. — Mwizi ni miparachichi. Tangu watu waipande mpaka uani, jua limepungua mkoa mzima. Mti mmoja unakunywa jua la kijiji.

— Ndiyo maana kule Wanging'ombe kuna giza mapema! — Breki aliunga mkono.

Elius alikuwa anazitazama zile waya. Angeweza kusema. Lakini Volti ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi, na hapo kijiweni mwenye umeme haombwi, watu wanachomeka tu. Kuchomoa simu ya mzee ni sawa na kumfukuza kwenye benchi. Akaigeuza paneli kidogo ielekee jua.

Hosiana, mpishi wao wa safarini, akafika na masufuria yake mgongoni.

— Shikamooni. Taa zimejaa?

— Bado, — alijibu Elius, kwa sauti ndogo.

— Kaa, dada, — Breki alimkaribisha. — Tunamsaidia kutafuta tatizo.

Hosiana hakukaa. Aliinama, akazifuata waya kwa kidole: mpaka simu ya Volti, mpaka ya Breki, mpaka ya muuza kahawa.

— Na ukungu ukishuka kesho, — aliuliza, — ipi kati ya hizi itakuja Kitulo kutumulika?

Volti akachungulia kikombe chake, kitupu. Breki akazima muziki. Wingu zito lilikuwa linaingia kutoka upande wa Njombe, na Elius akaanza kukunja paneli bila kumtazama mtu. Ndipo simu ya Volti ikalia peke yake pale benchini: chaji imejaa.