Bibi Chura, Aliyewachagulia Watoto Wanyama Wao

Ndugu, jamaa, marafiki, na nyie watoto mliokaa hapo mbele: mimi ni fundi cherehani, mdogo wake marehemu anayemfuata, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu. Mtaniwia radhi nikikwama.

Dada yetu, ambaye nusu ya mji huu ilimwita Bibi Chura, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate alikofanya kazi baba. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Mama alisema mtoto huyu alichelewa kutambaa kwa sababu alikaa chini kuwaangalia sisimizi. Tulidhani ni utani, mpaka tulipomwona mtu mzima na nguo zake za kazini, amechuchumaa getini, anawaangalia sisimizi.

Alianza shule ya msingi Januari 1957. Darasani kulikuwa na kitabu kimoja tu cha picha, cha fahali, na mwalimu alikigeuzia kwake, watoto wakabaki kutazama jalada la nyuma. Alirudi nyumbani amenuna. Baba akamuuliza kulikoni.

"Nimesomewa fahali, sijamwona fahali!"

Hasira ile hakuiacha kamwe. Alimaliza sekondari mwaka 1967, akasomea ukutubi, na tarehe 2 Machi 1970 akaajiriwa katika maktaba ya mji. Akapewa chumba cha watoto, ambacho hadi siku hiyo kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika.

Sasa hapa naomba mnisikilize, maana mpaka leo nikifikiria nasisimka. Dada hakuchagua kitabu yeye. Aliniomba nimkatie kipande cha kitambaa cheusi kutoka kwenye mabaki ya suti, kirefu kama rula. Muuza vitabu akija na masanduku yake, dada alikaa sakafuni na mtoto mdogo kabisa aliyekuwepo, akafungua kitabu cha wanyama, akafunika maneno kwa kile kitambaa, picha ikabaki peke yake. Kisha akanyamaza. Hakuuliza "huyu ni nani?" wala "analiaje?" Alisema mtoto akiulizwa anajua ni mtihani, na ulimi unakimbia. Yeye alisubiri. Na ukurasa haukugeuzwa ila na kidole cha mtoto mwenyewe.

Mtoto akisogea, akicheka, akilia kama yule mnyama, kitabu kimenunuliwa. Kuna kimoja cha bata kilipita kwa sababu mtoto alikilamba. Kingine cha tembo, cha bei mbaya, kikakataliwa. Muuza vitabu akaja juu.

"Mama, hiki kimepata tuzo!"

"Kimepewa na nani? Tazama, tembo huyu ana meno ya karani. Mtoto anamwogopa."

Siku moja tu alipitisha kitabu bila kitambaa, cha kobe, kwa kuwa maneno yake yalimpendeza mno. Watoto walikiacha kama dawa. Akakiweka mezani kwake hadi anastaafu, na ukimuuliza anakwambia, "Huyo ndiye bosi wangu, ananikataza kuchagua mwenyewe." Lakini vile vingine! Nimeona kwa macho yangu mtoto ambaye wazazi walishakata tamaa na ukimya wake, akikaa mbele ya picha ya chura, chumba kizima kimya, mpaka ikatoka: "Kroo." Dada akamjibu, "Kroo." Wakazungumza hivyo mchana mzima, na jina likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na fundi saa, aliyekuja kutengeneza saa ya ukutani pale maktaba, akamsikia dada akiwasomea watoto habari za konokono, akakaa kwenye kiti cha mtoto ili amsikie mwisho wake. Kiti kikavunjika. Shemeji alituapia hadi kifo chake, mwaka 2011, kwamba alioa ili asilipe kile kiti. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye ni muuguzi.

Tarehe 3 Februari mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono mmoja uliamka kidogo, maneno hayakuamka. Daktari alisema hajui kama bado anatuelewa, na hilo ndilo lililotutia hofu kuliko kifo chenyewe. Binti yake aliniambia, "Mjomba, niambieni tu kama mama bado yumo." Basi tukamzunguka kitandani na maswali. "Mama, mimi nani?" "Dada, hiki nini?" Alitutazama, machozi yakamtoka.

Ndipo akaingia mjukuu wake wa miaka mitano, tunayemwita Kiroboto kwa kutotulia. Alikuwa na kitabu, na kile kitambaa changu cheusi. Akapanda kitandani, akafungua, akafunika maneno.

"Mama, msimuulize Bibi. Tunasubiri."

Kiroboto, jamani, ambaye hajawahi kumaliza sahani ya chakula akiwa amekaa! Alitulia. Kidole cha dada kikajikokota, kikageuza ukurasa. Kikageuza mwingine. Kwenye ule wa chura, akavuta pumzi, na sote tuliokuwa chumbani tukaisikia.

"Kroo."

Binti yake aliketi sakafuni akalia. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Majina yetu hayakurudi tena. Lakini kila alasiri ng'ombe alirudi, mbuzi alirudi, paka alirudi, nasi, mwanangu uliyeniuliza, tukajua yumo.

Tarehe 21 Mei, alasiri, yeye na Kiroboto walikuwa kwenye kitabu cha bata, kilekile kilicholambwa. Dada alisema "kwaa" kwa sauti ndogo, akatabasamu, kidole kikatulia juu ya karatasi. Binti yake, muuguzi wetu, alimgusa shingo, akajua. Akamwambia mwanawe taratibu afunge kitabu.

"Hajageuza," mtoto akasema.

Kitabu hicho hakijafungwa hadi sasa. Anacho hapo mbele, mwaweza kumwona, amekishika kwa mikono miwili, wazi pale pale.

Marehemu ameacha binti mmoja, mjukuu mmoja, wadogo zake wawili, yaani mimi na dada yetu mpishi, na watu wazima wengi wa mji huu ambao mnyama wao wa kwanza walionyeshwa naye.

Mwenyezi Mungu ampokee, ampumzishe, na asimharakishe.