Kioo Nilichomwambia Akitupe

Kraaa... Picha ikibanduka kwenye kioo hulia hivyo, polepole, kama plasta iliyogandia kwenye kidonda. Kelele zote za Kariakoo nimezizoea, honi, spika za madukani, wanadi nguo, lakini nikitulia kidogo naisikia hiyo.

Shikamooni wakubwa. Na nyie wenzangu, mambo? Mwalimu wetu wa kompyuta aliniomba nije hapa ukumbini niwaambie mabinti wachague programu gani ya kutengeneza picha kama mfukoni hamna kitu. Nitawaambia. Lakini ndugu zangu, siwezi kuwafundisha kabla sijawatolea lililo moyoni. Majina sitataja.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Miaka ile kompyuta zilizotumika zilikuwa zinashushwa bandarini kama mitumba, na studio moja ya picha karibu na Msimbazi ikapata moja. Mwenye studio, Mhindi mmoja mpole tuliyemwita Bhai, alinifundisha kuiwasha na kuizima. Mengine nikajifundisha mwenyewe. Jamani, nilikuwa na ndoto! Nilishajiona na studio yangu, picha za maharusi ukuta mzima.

Ile kompyuta ilikuja na programu yake ndogo ya kuchorea. Bhai alisema inatosha kuondoa madoa kwenye picha kuukuu.

"Aah, Bhai, hii ni ya watoto kuchorea nyumba na jua!"

"Wewe umeshaijua yote?"

Hata nusu sikuijua. Lakini nilitaka ya wakubwa. Nikanunua CD kwa muuza CD wa barabarani, programu kubwa kutoka majuu, ya kujaribu siku thelathini halafu uilipie. Kuilipia? Hata Bhai mwenyewe asingeweza. Zile siku zilipokwisha nikagundua ujanja: ukirudisha nyuma tarehe ya kompyuta, programu inadhani ndiyo kwanza imefika. Basi kila asubuhi, kabla Bhai hajaja, nairudisha. Mtaa mzima uko mwezi wa nane, mimi na kompyuta yangu tuko mwezi wa tatu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Wizi mwingine ni mtamu hivyo, mpaka unasahau kuwa ni wizi.

Siku moja akaja mama mmoja wa Kichaga, anauza nguo za watoto Mchikichini. Kashika fremu kifuani kama kabeba mtoto. Ndani mna picha ya binti yake, marehemu. Aliacha kachanga, na hako kachanga sasa kalikuwa kanakaribia kuanza shule. Picha nyingine yoyote hawakuwa nayo. Unyevu ulishaingia, karatasi imegandia kwenye kioo, na ukungu umeanza kula pembeni.

"Mwanangu, mjukuu wangu ananiuliza mama yake alikuwaje," akasema. "Maneno yameniishia."

Nikaipiga skana na kioo chake. Ikatoka, ila ina ukungu. Nikataka iliyo safi zaidi, nikaibandua. Kraaa. Jicho la kushoto, nyusi na kipande cha shavu vikabaki kwenye kioo. Mama akashika mdomo.

"Usijali mama," nikamwambia, tena kwa kujiamini. "Sura yake ninayo humu ndani. Hicho kioo kitupe tu, kitakukata."

Akavifunga vyote kwenye kanga, kioo na karatasi, akaondoka.

Wiki tatu nikaichezea ile picha kwenye programu yangu kubwa. Ukungu nikautoa. Ngozi nikailainisha. Hata kovu dogo la kwenye nyusi nikalifuta, nani kaniambia nilifute? Nikawa sitosheki.

Halafu kompyuta ikajaa. Bhai akasema, "Futa kazi za zamani, zote za kabla ya mwezi wa sita. Wenyewe walishachukua." Nikazipanga kwa tarehe, nikazishika zote kwa mara moja, nikafuta, na kapu la takataka nikalimwaga. Nimemaliza, napangusa meza huku naimba, ndipo nikakumbuka. Picha ya yule mama kwenye kompyuta yangu ilikuwa ya mwezi wa tatu.

Nilitafuta mpaka macho yakauma. Haikuwepo.

Mama alipokuja nikamwambia umeme ulikatika, ukaondoka na picha. Nani Dar hataamini hilo? Akaniamini papo hapo.

"Pole mwanangu. Hata mimi umeme umeniunguzia friji. Usilie."

Nilikuwa nalia kweli, ila si kwa alichodhani yeye. Juma lililofuata akaniletea blauzi, ameichagua kwenye belo la mitumba lililofunguliwa asubuhi ile. "Msichana mzuri kama wewe uwe na ya kuvaa Jumapili." Nikaitundika kwenye msumari pale chumbani. Kila nikiamka ninaiona. Kuivaa nikashindwa.

Miezi miwili nikaishi hivyo. Kila akipita ananisalimia, "Bado umeme haujarudisha kitu?" Nami nainamia kibodi.

Siku hiyo alikuja na mjukuu wake. Katoto kakasimama mbele ya meza yangu, kakaangalia taa ya juu, kakaangalia kompyuta, kakamvuta bibi yake kanga.

"Bibi, umeme si umerudi? Basi dada amtoe mama."

Ndugu zangu, pale ndipo nilipovunjika. Nilijifanya naitwa nyuma, nikasimama chooni mpaka wakaondoka.

Kesho yake nikaenda Mchikichini. Nikamkuta anakunja suruali za watoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekupwaya hivyo?"

Nikamwambia yote. CD, tarehe, kufuta, uongo. Akakunja suruali moja, akakunja ya pili. Akazikunjua tena.

"Kwa hiyo umeme haukukatika."

"Haukukatika, mama."

"Na mimi nimewalaani watu wa umeme miezi miwili!" Hakucheka. "Ungesema siku ile ile, ningekuletea kioo siku ile ile."

"Hukukitupa?"

"Nani anatupa jicho la mwanawe?"

Niliinama palepale katikati ya nguo nikaomba msamaha. Alinipa ufunguo wa nyumbani kwake, akanielekeza kabati alimokiweka kile kioo.

Bhai nilimwambia pia. Akang'aka: "Ndiyo maana bahasha za wateja zinatoka na tarehe ya mwezi wa tatu! Nilidhani mimi ndiye nazeeka." Kisha akasema ile programu ya wizi hataki kuiona tena, tutafute ya halali. Nikarudi kwa ile ndogo. Kwa madoa inafaa sana, nilikuwa naionea bure, ila kuweka kipande cha picha juu ya kingine ilinisumbua. Tukajaribu ya bei nafuu, kompyuta yetu ikazidiwa nayo, inakwama kila dakika. Ya tatu niliitoa intaneti kafe, ya bure, wenyewe walioitengeneza wameruhusu. Haina siku thelathini. Vitufe vyake vilinichosha wiki nzima, lakini unaweza kupanga picha kama karatasi za nailoni, moja juu ya nyingine, na ya chini isiguswe. Nikaipiga skana karatasi, nikakipiga skana kioo, nikalilaza jicho mahali pake. Safari hii kovu sikuligusa.

Alama ya mwungano bado inaonekana shavuni, sitawadanganya. Katoto kalipopewa kaliitazama sana, kakasema, "Bibi, mbona mama ni mdogo hivi, ni dada tu?" Mama akacheka, akalia, akacheka.

Nawashukuru wote watatu, yule mama, Bhai, na yule mtoto aliyeuliza swali lake. Blauzi yenyewe ndiyo hii niliyovaa. Na nyie mabinti, chagueni programu ambayo mwenyewe amewaruhusu, hata kama ni ndogo. Picha ya mtu usiifanyie kazi mpaka uwe na nakala yake mahali pengine. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo.

Siku mama na mjukuu wake walipokuja kuchukua picha yao, Bhai alienda kusali, nikabaki peke yangu studio. Nikaifuta ile programu kubwa, ile CD nikaivunja vipande viwili. Kisha nikafungua saa ya kompyuta, nikaisogeza mbele mwezi mmoja mmoja, wa nne, wa tano, wa sita, mpaka ikafika leo.