Nilivyosimama Kando ya Mwanafunzi Wangu

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Mniruhusu nishike hii meza, maana sijazoea kusimama mbele ya watu bila mashine mkononi.

Wengi wenu hapa Kitale mnanijua kwa kazi. Arusi zenu nimezipiga picha kutoka juu, mazishi yenu pia, na mahindi ya baadhi yenu nimeyanyunyizia dawa ya viwavi kwa droni. Mliniita Kapteni. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyowahi kusema.

Kurusha nilijifundisha mwenyewe kwetu Ndalu, kwenye shamba lililovunwa. Baadaye nikafanya kozi fupi, nikapewa cheti, na kwa muda kilitosha. Nikaanza kufundisha wengine. Mmoja alikuwa msichana wa Bungoma, mkimya sana, ambaye siku ya kwanza aliigongesha droni yangu kwenye mkaratusi wa jirani.

Halafu masharti yakabadilika. Tukaambiwa anayerusha kwa biashara lazima asome shule iliyoidhinishwa, apimwe afya, afanye mtihani wa sheria za anga, hali ya hewa na ramani, kisha arushe mbele ya mkaguzi. Cheti changu cha zamani hakikufaa tena. Mimi nikasema, si hii ni kitu ndogo? Nani hapa ananishinda kurusha?

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyeniuliza kama najua kurusha. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza, na mimi shule niliachia darasa la nane. Kiingereza changu ni cha kusalimia wateja. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikasoma swali la kwanza, nikalirudia, nikalirudia tena. Maneno nayaona, maana siioni. Kando yangu alikuwa yule msichana wa Bungoma. Nilimsikia akibonyeza, anasonga mbele, anabonyeza. Mimi natoka jasho kama mtu anayelima. Mwishowe nikaanza kubahatisha.

Yeye alipita. Mimi nilianguka. Aliniangalia, akafungua mdomo aseme kitu, nikatoka nje kabla hajasema.

Kazi zikakauka. Mwenye shamba mmoja alinipigia, "Kapteni, uko na ile leseni mpya?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi pole, bana. Mimi sitaki shida." Baada ya hapo niliacha kushika simu. Niliacha hata kuja hapa kanisani. Mke wangu alikuwa anakuja peke yake, mkimuuliza anasema niko na homa. Hiyo homa mliiombea sana. Haikuwepo. Nilikuwa kitandani, nimegeukia ukuta.

Mke wangu alijua nimeanguka. Kitu hakujua ni kwamba maswali yenyewe sikuyaelewa. Mke wangu ni mwalimu. Watoto wa darasa la pili wanamsomea Kiingereza kila asubuhi. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba bwana yake hawezi?

Kisha baba mkwe wangu akafariki, huko Naitiri. Mazishi ya mkwe hayakwepeki, mnajua wenyewe. Wakwe walishasikia kwamba sirushi tena, kwa hivyo walikodisha mtu mwingine wa kupiga picha. Nikafika, nikaangalia, ni nani anapanga mashine pale uwanjani? Ni yule msichana. Nikazunguka polepole mpaka nyuma ya boma, nikakaa na wanaume waliokuwa wanachuna fahali.

Akanifuata huko huko. "Mwalimu, umenikimbia?"

"Aa, niko tu."

"Msaidizi wangu amekosa kufika. Nikishika mashine, lazima mtu asimame kando yangu aangalie anga. Nisimamie, tafadhali."

"Mimi sina leseni."

"Wewe hushiki mashine. Nataka macho yako. Si ni wewe ulinifundisha kuangalia?"

Nilitoka kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Shemeji yangu mmoja akaniona nimesimama kando ya msichana, mikono mitupu, akapaza sauti: "Heh! Si huyu ni Kapteni? Ati sasa amekuwa tanboi, utingo wa msichana!" Watu wakacheka, na ni matanga. Mama mkwe alikuwa hemani. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na siku hiyo niliishukuru sana hiyo mila.

Nikainua uso juu, maana huko ndiko hakukuwa na mtu wa kuniangalia. Droni ikapanda. Kulikuwa na mwewe, wamevutwa na ile nyama. Mmoja akaizunguka, akakunja mabawa. Nikapiga kelele, "Mwewe, kushoto! Shusha kwa mahindi!"

Hakuuliza. Hakuinua hata kichwa kuhakikisha. Alishusha papo hapo, mashine ikatua ndani ya mahindi, mbali na watu.

"Mwalimu," akasema polepole, "ningekuwa peke yangu ingeangukia watu. Mbona hujarudi kufanya mtihani?"

Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nikamwambia, "Maswali siyaelewi. Kiingereza kinanishinda." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Kugeuka, mke wangu amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai aliyoniletea. Amesikia yote.

Alinipa chai yangu. Ni tulipofika nyumbani ndipo aliuliza, "Kwani mimi ni mwalimu wa watoto wa watu peke yao?" Wapendwa, nililia. Mwanaume mzima, na viatu bado viko na matope ya Naitiri.

Akanikalisha mezani kila Jumamosi. Yule msichana alikuwa anatoka Kanduyi, huko Bungoma, ananieleza sheria za anga kwa Kiswahili, halafu mke wangu ananirudishia yale yale kwa Kiingereza. Nilisoma kwa sauti, kidole kwenye mstari, watoto wangu wanasikia baba yao akikwama. Hiyo aibu sikuizoea hata siku moja. Niliporudi kwa mtihani nilianguka tena. Tukarudi mezani. Mara iliyofuata nilipita, na mkaguzi naye akaniona nikirusha, akaridhika.

Leo niko na leseni. Kampuni ni ya yule msichana, mimi ni rubani wake. Mkiniuliza kama aibu imeisha, haijaisha. Hata sasa hapa mbele masikio yangu yanawaka.

Namshukuru mke wangu aliyenifundisha bila kunicheka. Namshukuru binti aliyenifuata nyuma ya boma, wakati angeweza kuniacha huko. Namshukuru Mungu aliyewapa wote wawili subira.

Masharti ya kazi yangu yatabadilika tena, na ya kwako pia. Kama kuna kitu hukijui, na watu wote wanadhani unakijua, mwambie mtu mmoja. Mmoja tu, leo, kabla hujafika nyumbani.