Chupa ya Kumpelekea Shangazi Yenu

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu wa kulia, maana sikio la kushoto limeshatangulia, na mimi sina nguvu ya kusema jambo moja mara mbili. Wewe kitinda mimba, zima hiyo simu. Huyo muuza simu unayeandikiana naye atangoja, na usidhani sijui kwamba alikuja juzi kupima madirisha ya duka langu baada ya wewe kumwambia nimelala. Sikulala. Mgonjwa hufumba macho ili apumzike kutokana na nyuso za watu. Sikilizeni mpaka mwisho, msinikatize hata nikiwachukiza, kwa sababu daktari amenipa siku chache na mimi mwenyewe naziona ni chache zaidi.

Nataka mkanunue chupa moja ya mvinyo mwekundu. Naona mnatazamana. Mnajiuliza mzee ana haja gani ya mvinyo na ulimi wake umekufa tangu mwezi uliopita, hata supu na maji haujui tofauti. Si wa kunywa mimi. Ni wa kumpelekea shangazi yenu.

Naam, binti yangu, huyo huyo ambaye ukimwona mbele yako unavuka barabara. Kaa chini. Ukiinuka sasa hutayasikia yaliyobaki, na yaliyobaki ni yako wewe kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Duka hili mlilikuta limeshachoka, rafu zimepinda na vumbi limeganda mabegani mwa chupa, lakini siku tulipolifungua tulikuwa wawili, mimi na dada yangu, na wateja walituita Pua na Mdomo. Yeye alinusa, mimi niliongea. Kila Jumatatu asubuhi alifungua chupa moja katika kila kreti lililoletwa, akaonja, akatema kwenye beseni la bati, na asiporidhika kreti lilirudi kwenye gari kabla injini haijapoa, hata dereva angenung'unika vipi. Waliokuja kwetu hawakuwa matajiri, walikuwa manesi, walimu, mafundi cherehani, watu wa chupa moja kwa mwezi. Nikimwambia anajisumbua bure, alinijibu, "Kaka, tajiri akiuziwa mvinyo mbaya atafungua mwingine. Huyu wetu atakaa mwezi mzima na uchungu huo mdomoni."

Mnaujua ukuta wa nyuma wa stoo, ule uliopakana na tanuri la mwokaji mikate. Ukiweka kiganja pale saa yoyote unapata joto. Shangazi yenu alipiga misumari ukuta mzima akatundika mafagio, mafagio zaidi ya haja yetu, ili mtu asipate mahali pa kuegemeza kreti, kwa maana mvinyo huogopa joto kuliko mtoto anavyoogopa sindano. Wateja walicheka kwamba tunauza mvinyo lakini tunajiandaa kufagia mji.

Ikaja harusi yako, binti yangu. Wakwe zako walikuwa watu wa vyeo, watu wa viatu vinavyolia wakitembea, nami nikaingiwa na haya ya umaskini wangu. Shangazi yako alikuwa ameshatuchagulia mvinyo, chupa nyembamba, kifuniko cha kuzungusha, lebo ya karatasi nyeupe yenye herufi tu, umetoka bonde moja dogo ambalo hata mimi muuzaji nililitamka vibaya. Nikaionja, ilikuwa nzuri, sitasema uongo tena leo. Lakini macho yangu hayakushiba. Kisha yeye akaugua homa, akalala kwake wiki tatu, na katika wiki hizo akanijia mchuuzi mmoja mwenye maneno matamu na chupa nzito za kuua nyoka, zenye lebo ya dhahabu na kitako kilichobonyea ndani hata ngumi ikaingia. Nikaipima kwa mkono mmoja, nikajisemea kwamba kizito namna hii hakiwezi kuwa kibaya. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia wateja kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kibaya kiliponitembelea mimi nikakivutia kiti.

Nilinunua chupa arobaini. Mbele ya duka angeziona siku atakayopona, kwa hiyo nikaingia stoo, nikayashusha mafagio yake, nikazipanga pale ukutani. Ulikuwa msimu wa harusi nyingi, na tanuri la jirani halikuzimwa hata siku moja. Zilikaa pale siku kumi na nane, zinachemka taratibu, mimi napita nikizifuta vumbi kwa furaha.

Siku yenyewe unaikumbuka. Ulikuwa umekaa pale mbele na shada lako, ukaona wageni wananyanyua glasi, wanaonja, wanaziweka chini zikiwa zimejaa. Mvinyo ulinuka kama jamu iliyoungua, na nyuma yake siki. Baba mkwe wako akauliza kwa sauti ya adabu, ile adabu inayokata, "Mzee mwenzangu, huu umeuchagua wewe?" Nami nikasimama, mwanamume mzima, nikasema, "Dada yangu ndiye anayechagua mvinyo wa nyumba hii. Mimi nauza tu." Mtu mmoja akacheka, akasema basi leo pua imeziba, na ukumbi ukacheka naye. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Msinitazame hivyo. Tazameni dirishani kama mnataka, lakini nisikilizeni.

Yeye alikuwa bado dhaifu kwa homa. Alinyanyua glasi yake, akanusa, akanitazama, akanywa yote mpaka tone la mwisho, akachukua mkoba wake akatoka. Kesho yake alikuja kuchukua beseni lake. Nilikuwa nimeshayarudisha mafagio misumarini kabla hakujapambazuka, lakini nilikuwa nimeyatundika vichwa chini, na yeye siku zote huyatundika vichwa juu. Akasimama akayaangalia. Akaweka kiganja ukutani. Kisha akalichukua beseni lake akaenda, na hakukanyaga hapa tena, huu mwaka wa ishirini na mbili.

Mama yenu aliniona nikiyarudisha. Alinisihi miaka yote aliyobakiwa nayo, nami nikamjibu kesho, kesho, mpaka kesho zake zikaisha. Alipokuwa kitandani, kitanda hiki hiki, ndipo aliponiambia neno ambalo halijaniacha nilale. Shangazi yenu alimjia jioni ile ya beseni akamwambia, "Wifi, usimwambie mtoto. Ndio kwanza ameolewa, mwache awe na baba wa kujivunia." Kwa hiyo alijua, wanangu, na akabeba. Na wewe, binti yangu, wiki hiyo hiyo ukamwandikia barua kwamba asikanyage kwako hata ukizaa, hata ukifa. Nilikuona ukiiandika pale mezani. Ukaniuliza kama kuna bahasha ndani ya nyumba. Nikaenda nikakuletea bahasha.

Lia. Mimi nimeshalia yangu.

Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini wangu huyu alizaliwa mapema akaishi nami hapa hapa. Pua ilipoondoka, Mdomo ulibaki unapayuka peke yake. Nikawa nachagua kwa lebo, wateja wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na vilivyobaki chini kwenye rafu ni chupa ambazo hata mimi nisingempa adui. Ndiyo maana nawaambia msichukue humu. Nendeni lile duka kubwa la karibu na stendi.

Mwaka juzi nilimwona pale. Amezeeka, koti lake lile lile la kijivu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso kama kawaida yake anaposoma herufi ndogo. Alikuwa amesimama mbele ya rafu ya mvinyo mwekundu, mkononi amekunja noti moja tu. Nikajificha nyuma ya sabuni. Alitoa chupa, akasoma mgongoni, akarudisha. Akatoa nyingine, akarudisha. Ya nne akaitazama shingoni, akaishika sekunde chache, akaiweka kwenye kikapu. Alipokwenda nikachukua ya namna ile ile, nikaja kuinywa jikoni peke yangu. Haikuwa na makuu. Ilikuwa na uchachu kidogo wa kuamsha mate, ukakasi kidogo kwenye fizi, halafu tunda, halafu ikaondoka vizuri bila kuacha deni mdomoni. Nililia juu ya ile glasi, kwa sababu niliitambua kazi ya dada yangu.

Basi fanyeni kama yeye. Wewe mwanangu mkono wako u wazi, utataka kununua ya juu kabisa ili aone tumejali. Usithubutu, atajua bado mimi ni mtu wa chupa nzito. Uzito ni kioo, na kioo hakinywewi. Wala msikimbilie ile ya bei ya pili kutoka chini. Sisi wenye maduka tunajua mtu huona haya kuchukua ya mwisho, akapanda ngazi moja, na ngazi hiyo ndipo tunapoweka tunachotaka kitoke. Nimefanya hivyo, Mungu anisamehe. Pandeni kidogo tena, hapo chini kidogo ya katikati, mtafute bonde ambalo hamjawahi kulisikia, maana jina kubwa nalo hulipiwa. Geuzeni chupa msome nyuma. Ikiwa imeandikwa nani amelima, wapi, na zabibu gani, hao ni watu wasioogopa kuulizwa. Ikiwa ni maneno ya ndoto na machweo tu, rudisheni.

Mwaka wa mavuno usiwe wa zamani. Watu wamekaririshwa kwamba mvinyo ni mzee wa busara, kadiri unavyokaa ndivyo unavyofaa. Ule wa bei yetu haukai, miaka miwili mitatu basi, baada ya hapo unakaa tu kama mimi. Msichukue iliyosimama dirishani juani. Tazameni shingoni kama kizibo kimesukumwa juu au pana uvujaji uliokauka, kwani hiyo imeshaonja joto, na ninajua ninachosema. Kifuniko cha kuzungusha msikidharau. Mkishindwa, muulizeni muuzaji yeye mwenyewe anakunywa upi Jumapili nyumbani kwake. Akiwaonyesha wa bei kubwa kuliko yote, ageni mwondoke. Na msiuache ndani ya gari.

Sasa vya kugawana, na ni vichache. Vyumba hivi vya juu ni vyenu wawili sawasawa, msigombee dirisha. Duka la chini si lenu. Ni la shangazi yenu lote, nusu kwa kuwa lilikuwa lake tangu mwanzo, na nusu kwa kuwa nililibomoa jina lake ndani yake. Karatasi ziko kwa mwanasheria, nimeshatia sahihi. Mwanangu, najua ulikuwa na hesabu zako na yule mpima madirisha. Akitaka kuuza simu pale, akamwombe mwenye duka.

Nipe maji. Kidogo tu, ya kulainisha. Asante.

Siku ya kunizika... mtakapokuwa mmekaa watu wote, kabla hawajaanza kunisifu, maana marehemu husifiwa hata na waliomkimbia, wewe binti yangu simama useme. Nilimchafua mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu. Usiseme baba alikosea. Kosa lilikuwa pale ukutani. Sema baba alidanganya. Itakuuma, wakwe zako watakuwepo, nami nitakuwa nimelala siwezi kukusaidia. Mmenipenda bila kujua, wanangu. Nizikeni mkijua.

Akikataa kuja kuniona, msimlaumu wala msimbembeleze. Msimwambie naumwa sana. Huruma si msamaha, msimlazimishe kimoja kwa kutumia kingine. Mwachieni chupa yake anywe na amtakaye.

Nimechoka sasa. Nipe mkono, binti yangu, nikubariki.

Hutaki.

Sawa... Una haki. Hapo hapo uliposimama panatosha. Mungu akupe nyumba ambayo mtu anaweza kukosea na akasema. Akupe wanao... wakwambie ukweli mapema. Na wewe, kitinda mimba wangu, akupe macho yanayoshiba. Msiachane ninyi wawili. Akikuudhi mwenzio, mwambie siku hiyo hiyo, kabla jambo halijapoa.

Nendeni wote. Asibaki mtu kunilinda. Duka lile hufungwa saa kumi na mbili.

Binti yangu... hasira yako niwekee mpaka urudi, ukinikuta nitaipokea. Kama hukunikuta, ni yako. Leo nenda kwake. Atafungua mlango mwenyewe, anaishi peke yake. Usianze na habari zangu. Wala usimpe chupa kwanza.

Mwamkie kwanza.