Mlango wa Mar Awgin na Jina la Fundi Hormiz

Mgeni rasmi, Mhashamu Baba Askofu. Abuna Shlemon, katibu wa Mhashamu, uliyeketi kuliani kwake. Abuna Toma, paroko wetu. Masista, mashemasi, wageni mliotoka Erbil na Mosul. Na ninyi wenzetu wa Tel Nahra mliosimama kwa sababu viti vimetosha wageni tu:

Amani ya Mtoto anayekuja iwe nanyi nyote.

KUKUKARIBISHA

Sisi waumini wa Kanisa la Mar Awgin tunakukaribisha kwa mikono miwili katika Dominika hii ya nne ya Majilio. Barabara tunaijua ilivyo. Vizuizi vya askari tunavijua pia, ingawa wewe hukuteremshwa garini. Chai ipo. Keki za tende zipo, ila mwaka huu ni chache, na sababu yake utaisikia huko mbele.

Risala hii ilipaswa kusomwa na Shemasi Gorgis, mwenye sauti nzuri kuliko sote. Akatuambia, "Jamani, mwanangu ameajiriwa ofisini kwa Sayidna, kwa Askofu mwenyewe. Mnataka arudi nyumbani tule naye mawe?" Tukamwelewa. Kwa hiyo nimesimama mimi, Bashira Oraha, mwalimu mstaafu. Wanangu wote wako Sweden, hakuna wa kufukuzwa kazi. Lakini maneno ni yetu sote, na tumeyapitisha pamoja.

HISTORIA FUPI

Kanisa hili walilijenga babu wa babu zetu, na mlango wake uliishia kwenye kifua cha mtu mzima. Wapo wasemao ulifanywa mfupi ili wapanda farasi wasiingie na farasi wao. Bibi zetu hawakuwa na maelezo marefu: aendaye kwa Mungu aanze kwa kuinama. Maliwali waliinama hapa. Watoza kodi wa sultani waliinama. Bwana harusi akijigonga paji la uso tulimwambia basi, nyumba hiyo atatawala mke, na mara nyingi ikawa kweli.

Wewe mwenyewe, Sayidna, bibi yako alikuwa wa kijiji hiki, na alikuwa akikuleta hapa ukiwa mdogo. Wazee wanakumbuka ulivyopita umesimama wima, kisha ukamgeukia ukasema, "Bibi, mlango umeniogopa." Tulicheka sana siku hiyo. Hatukujua kwamba ipo siku mtu atauvunja mlango huo kwa ajili yako.

Vita vilipokuja tulikimbia na nguo tulizovaa. Tuliporudi, tulikuta kanisa limechomwa moto, kengele imeibwa, na kuta zimekuwa nyeusi mpaka juu. Mlango ulikuwa umesimama.

MAFANIKIO

Tumerudi, ingawa si wote. Paa limeezekwa, altare imesimama, na kengele tumenunua nyingine, isiyolia kama ile ya zamani lakini inaita. Kazi hiyo yote iliongozwa na mtu mmoja, fundi mwashi Hormiz Yalda. Alikuwa mwimbaji mbaya, na aliimba kutwa nzima. Madirisha ya nyumba yake yalizibwa kwa nailoni miaka mitatu huku akitengeneza ya kanisa. Mkewe, Shmuni, alimtania mbele yetu: "Hormiz, Mungu ana vioo, sisi tuna mifuko. Nani kati yetu ana mafua?" Naye akamjibu, "Vumilia, mama Sare. Yeye ni mgeni, sisi ni wenyeji."

Hilo ndilo fanikio letu kubwa, Mhashamu, kwamba tulikuwa na mtu wa namna hiyo.

CHANGAMOTO

Umeme, maji, na vijana kuondoka vilikuwamo katika risala ya mwaka juzi. Havijabadilika, kwa hiyo hatutakupotezea muda. Changamoto tunayotaka uisikie ni moja.

Majilio yalipoanza, Abuna Shlemon alikuja kukagua kanisa. Tulikuwa tumesimama hapa hapa uani. Akauangalia mlango, akauliza, "Huu ndio mlango atakaopita Sayidna?"

"Ndio huo, Abuna," Hormiz akamjibu. "Hatuna mwingine."

"Na mitra yake, ile kofia ndefu, je? Na wapiga picha? Mnataka askofu aingie kama mbuzi aingiaye zizini?"

"Abuna, mbuzi ndiye asiyeinama."

Tulicheka. Abuna hakucheka. Akasema mlango uinuliwe kabla ya Dominika ya nne.

"Basi nipe muda," Hormiz akasema. "Kuna vyuma vya kuegemeza ukuta nimeagiza Dohuk. Ukuta huu umeliwa na moto, siuamini."

"Vitafika lini?"

"Karibu na Noeli, Mungu akipenda."

"Fundi, Sayidna hawezi kusubiri vyuma vyako."

Hormiz akatugeukia sisi. Tulikuwa wengi, na hakuna aliyefungua kinywa. Cheo kikisema, sisi hapa hukohoa tu. Baadhi yetu tulikwisha kujiona kwenye hizo picha. Akaokota nyundo yake akasema, "Haya, tumrefushie Mungu mlango."

Ukuta ulianguka siku chache baadaye, asubuhi, kina mama wakiwa ndani wanaosha sakafu. Alipousikia ukilia aliwapigia kelele watoke kwa mlango wa sakristia, na wote wakatoka. Yeye hakuwahi. Alifia njiani kabla ya kufika hospitali.

Tulimzika, na hilo tungelibeba, maana tumezika wengi. Tusichoweza kukibeba ni kilichofuata. Kwanza ilisemwa kutoka ofisini kwamba hakuna aliyemtuma, alivunja ukuta kwa hiari yake. Halafu ikaongezwa, hatujui na nani, kwamba alikuwa akichimba dhahabu ya kale chini ya kizingiti. Mhashamu, wewe ni mtoto wa nchi hii. Unajua ni monasteri ngapi zimefukuliwa na watafuta hazina, na unajua kwamba neno dhahabu likishatajwa hapa halifutiki. Sasa binti yake, Sare, shuleni anaitwa Bintidhahabu. Jirani mmoja alionekana akipimapima sakafu ya Shmuni kwa kisigino. Shmuni alikuwa akioka keki za Noeli za nusu ya kijiji. Mwaka huu hakuwasha tanuri.

Abuna Shlemon, hatusemi wewe ndiye uliyeanzisha neno hilo. Tunasema ulikuwa na uwezo wa kulizima kwa sentensi moja, na hukuisema. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, lakini hapa aliyefunikwa ni mtu wetu, na ni mfu, hawezi kujifunua.

Tuna hasira, Baba Askofu. Tunalisema wazi ili usije ukadhani ni huzuni peke yake.

NENO LETU LA MAJILIO

Kwa kawaida wewe ndiye unayetuhubiria. Tuvumilie leo. Injili ya Dominika hii ni ya Yosefu. Yosefu alikuwa na mamlaka. Sheria ilikuwa upande wake, wanaume wa mji walikuwa upande wake, na msichana alikuwa peke yake. Kwa neno moja tu lake mlangoni pa mji, jina la Maria lingekwisha. Imeandikwa kwamba hakutaka kumwaibisha. Hiyo ilikuwa kabla ya malaika. Malaika alimkuta tayari amekwisha kuamua kulihifadhi jina la mtu mwingine, hata kama yeye ndiye atakayechekwa.

Sisi tunaona uongozi wote umo humo. Watu husema cheo ni dhamana. Dhamana ya nini? Tunadhani ni dhamana ya majina ya wadogo. Watu husema pia ukubwa ni jalala, yaani taka za wote zitupwe kwa mkubwa, naye azipokee. Kwetu ofisi ilizichukua taka ikazitupa kwenye kaburi la fundi.

OMBI

Tulipoandika risala hii tulikwenda kwa Shmuni kumuuliza tumwombee nini. Tulikuwa tumefikiria mchele, mafuta ya jiko, ada ya Sare. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Msiniombee unga. Mume wangu alikufa na vumbi la kanisa kinywani, wao wanasema ni vumbi la dhahabu. Niombeeni jina lake tu."

Basi ombi ni hilo. Leo, altareni, kabla ya kubariki chochote, ulitaje jina la Hormiz Yalda, useme alitumwa, na useme alitumwa kwa ajili yako. Kama hukujua, leo umejua. Tunaamini hukujua, na tunataka kuendelea kuamini.

MWISHO

Nyuma yangu kuna pazia na utepe. Uliambiwa kwamba ukiukata utaona mlango mpya, mrefu. Haupo. Baada ya maziko, vile vyuma vilifika kutoka Dohuk, nasi tukaujenga ukuta wenyewe, vibaya, kama unavyoona upande wa kushoto. Jiwe la juu lilikuwa limevunjika vipande viwili, tukaliunga kwa chuma na kulirudisha mahali pake. Kimo ni kilekile. Mitra haitapita. Shemasi Gorgis amekubali kukushikia, anasema kazi hiyo haimtii hofu.

Ndani wamo watu wawili tu, Shmuni na Sare, kwenye benchi la mbele. Shmuni alikataa kuja, kisha jana akabadili nia. Alisema: "Nitakuja nimtazame akiingia. Akilitaja jina, nitabaki kwenye misa. Asipolitaja, nitatoka kwa mlango huohuo, na mimi nitainama."

Sisi tutabaki hapa uani mpaka tusikie. Kipaza sauti cha altareni kinafanya kazi, tumekijaribu.

Mungu akupe miaka mingi, Sayidna, na afya, na mgongo unaokubali kupinda. Abuna Toma anao mkasi.

Ni sisi waumini wa Mar Awgin, Tel Nahra, pamoja na Hormiz mwana wa Yalda, fundi mwashi wa kanisa hili.