Waliotengwa na Tuliyemtenga

Leah, weka hizo kunde chini, hata mimi nimeacha kuchambua. Soma tena ujumbe wa mwinjilisti, polepole, ili na Simoni asikie.

Basi mmesikia. Kanisa limechomwa katika nchi ya mbali watu wakiwa ibadani, waliosalia wamekimbilia porini, na mwinjilisti Calist anaomba kila nyumba iwaombee jioni hii kabla ya chakula. Peniel, umesema Mungu awasaidie, ukarudi kwenye simu yako. Sikulaumu. Mimi nimesema hivyo hivyo miaka mingi huku mikono ikiendelea na kazi. Lakini leo sogeeni, wanangu, na wewe Yasinta mkwe wangu epua sufuria kwanza, kwa sababu hospitali wamenirudisha nyumbani na nyote mnajua maana yake. Neno nililokuwa naliahirisha naona halina siku nyingine.

Mali yangu ni ndogo, niimalize upesi. Nyumba hii ni ya Leah mpaka aolewe, na akiolewa ndoa ikamshinda, arudi, bado ni yake. Ng'ombe wawili ni wa Peniel. Cherehani apewe Yasinta, kwa sababu ninyi wengine mtaiuza. Shamba la hapa nyumbani ni la Simoni. Shamba la mbugani, Simoni, si lako. Subiri. Najua umelilima miaka kumi na moja na alizeti yake imesimama sasa hivi. Nitalifikia, nivumilie, pumzi yangu ni fupi.

Mnajua kwamba kwenye maombi ya akina mama ya Jumatano mimi ndiye msomaji, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne. Kila mwezi inakuja karatasi ya maombi yenye majina ya nchi, na mwaka mmoja ikaanza kuandikwa: waombeeni waliotengwa, walio magerezani na waliokimbia makwao. Sasa kanisani kwetu kutengwa mnakujua. Mtu ameoa mke wa pili, au binti amebeba mimba nyumbani kwao, wazee wa kanisa wanamtenga, anakaa benchi la nyuma, hashiriki meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Nikasoma hivyo, tukaomba hivyo. Tulipiga magoti miaka mitatu tukimsihi Mungu awape watu hao moyo wa toba, waache dhambi zao, waombe radhi kwa wazee wao. Dorika, mwenyekiti wetu, alifika mahali akasema, "Huko kwao uzinzi umezidi, kila mwezi wanatengwa tu." Tulicheka, kisha tukaomba tena.

Calist alipohamishiwa hapa akatusikia. Hakucheka. Alingoja nimalize, akaniambia, "Mama Peniel, hawa hawakutengwa na kanisa. Wametengwa na ndugu zao kwa sababu ya kanisa. Hawauziwi chumvi, hawachoti maji kisimani na wenzao, na wakifiwa hakuna anayekuja kuzika."

Wenzangu wakasema masikini, masikini. Mimi niliikunja ile karatasi, kwa sababu bila kujua alikuwa ananieleza habari za mama yenu mdogo Eliana.

Ninyi mliambiwa aliondoka kwa kiburi. Si kweli, na aliyewaambia ni mimi. Eliana alikuwa mke wa marehemu Eliya, mdogo wake baba yenu, na shamba la mbugani lilikuwa lao. Eliya alikufa, na mwaka uliofuata mvua ikagoma. Wazee wakaamuru tambiko, kila nyumba itoe bakuli la mtama wa kupika pombe, na wanawake wote wahudhurie. Tulitoa. Tulibatizwa, tuliimba kwaya, na tulitoa, na wazee wa kanisa wenyewe walikuwepo, ndiyo maana hakuna aliyetushtaki. Eliana alikataa. Alisema mvua anamwomba Mungu mmoja, na kama ni njaa atakufa nayo. Basi ukoo ukaamua atengwe. Hakuna kumsalimu, hakuna kumpa moto, hakuna kuchota maji pamoja naye. Mvua ilipozidi kukawia tukasema ni yeye.

Alikuwa na mtoto wa miaka minne, Jenifa. Mtoto akashikwa na homa, na hakuna aliyempa baiskeli ya kumfikisha zahanati. Baiskeli ya baba yenu ilikuwa imeegeshwa pale ukutani. Eliana alikuja akasimama nje ya uzio wa minyaa, akaniita kwa jina langu, mara tatu, na mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilimsikia. Niliendelea kusonga.

Mtoto alikufa asubuhi. Nikawakataza kwenda. Peniel, ulikuwa mkubwa kidogo, uliniuliza kwa nini, nikakupiga. Aliyechimba kaburi ni jirani yetu Miraji na ndugu zake wawili, Waislamu. Walichimba, wakambeba mtoto, wakasimama kando kwa adabu wakati mama yake akimwombea peke yake, na baadaye Miraji naye hakusalimiwa miezi mingi. Kwa hiyo mkiwaombea wanaoteswa, nisisikie hata siku moja mtu wa nyumba hii anafanya maombi hayo kuwa matusi kwa Waislamu. Aliyemtesa Mkristo hapa alikuwa mama yenu, na anayo kadi ya ubatizo.

Eliana akaondoka, na marehemu baba yenu akalichukua shamba. Nilikubali. Lilitulisha. Ada yako ya shule, Leah, ilitoka mle.

Simoni, usiinamishe kichwa, sema. Unasema sheria imekwisha kulifanya lako. Labda. Sikuulizi habari za sheria. Alizeti hii vuna, uliipanda wewe. Ukishavuna, mkabidhi mama yako mdogo shamba na mipaka yake yote, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mzee Miraji awe shahidi. Usipofanya hivyo mimi nitakuwa nimeshazikwa, sitakulazimisha. Lakini basi usifumbe macho kuwaombea waliotengwa, maana utakuwa unakula shamba lao.

Nipeni maji kidogo.

Wiki jana nilimtuma Leah Shelui kumtafuta. Mama yenu mdogo anapika chakula cha madereva wa malori pale barabarani. Leah alimuuliza kama aliwahi kutuombea. Akasema kila siku, ila siku nyingine aliomba kwa hasira. Amesema atakuja leo, atakula, lakini chini ya paa hili hatalala, atalala kwa Miraji. Asibembelezwe. Ana haki yake.

Nikifa, nizikeni bila mbwembwe. Maombi ya Jumatano yaendelee, na Leah awe msomaji. Msiombe kwa jumla. Ombeni chumvi, ombeni maji, ombeni mtu mmoja wa kuwasalimu asubuhi, ombeni baiskeli. Na waombeeni wanaowatesa, kwa sababu... kwa sababu wengine wako jikoni, wanasikia.

Hiyo ni pikipiki. Fungua mlango, Leah, usingoje abishe hodi.

Karibu, Eliana. Siwezi kusimama. Uliniita mara tatu nami nilikusikia. Sina maneno mengine. Usinijibu sasa, kaa, umetoka mbali. Wanangu, msalimieni mama yenu.

Calist ametaka tuombe. Bwana, wale walio porini jioni hii, uwaone. Na sisi utuone. Na hawa watoto wangu uwabariki, uwape... uwape masikio. Amina.

Yasinta, leta chakula. Ugali wa mtama, mlenda, na ule mguu wa kuku mpeni mgeni. Hapana, si mgeni. Simoni, chukua birika la maji ya kunawa. Wewe, si Leah. Mnawishe mama yako mdogo.

Haya... Mmiminie taratibu, mwanangu. Vizuri.

Niwahesabu, macho yana ukungu. Peniel. Yasinta. Leah. Simoni, kaa hapo hapo karibu naye. Eliana. Na mimi. Sita. Tumetimia. Kuleni, ugali unapoa.